Kuona seli bila kuzipaka rangi: mwongozo kamili wa picha za fezi kwa programu huria

Seli hai ikiwekwa chini ya hadubini ya kawaida huonekana kama kipande cha kioo kilichozama majini: ipo, lakini jicho haliishiki. Sababu ni kwamba seli hainyonyi mwanga kiasi cha kutosha. Inauchelewesha tu. Kipeo cha mpindo wa mwanga (namba inayoonyesha kitu kinavyoupunguza mwendo wa mwanga) cha maji ya kukuzia seli ni karibu 1.337, na cha seli yenyewe huwa kati ya 1.36 na 1.39, kwa hiyo mwanga uliopita ndani ya seli hutoka umebaki nyuma kidogo ya ule uliopita pembeni. Ucheleweshaji huo ndio fezi. Kamera haiwezi kuuona, maana inahesabu nguvu ya mwanga peke yake.

Mwanafizikia Mholanzi Frits Zernike alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1953 kwa njia ya kuigeuza fezi kuwa mwanga na giza ndani ya hadubini yenyewe. Picha za namna hiyo zinapendeza, ila zina duara jeupe linaloizunguka kila seli, na mwangaza wake hauwezi kugeuzwa moja kwa moja kuwa kipimo. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unapiga picha za mwanga wa kawaida katika fokasi kadhaa, kisha kompyuta inaikokotoa fezi. Hakuna rangi, hakuna seli zilizochomwa na mwanga mkali, na programu zote zinazohitajika ni za bure na msimbo wake uko wazi.

Jambo moja lazima lieleweke tangu mwanzo. Programu haijui hadubini yako. Inaamini namba utakazoiandikia: urefu wa wimbi, upana wa pikseli, hatua ya z (fokasi inavyosogea juu au chini kati ya picha na picha), NA ya lenzi (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga ambao lenzi inaupokea) na NA ya kondensa (lenzi inayokusanya mwanga wa taa kwenye sampuli). Namba moja ikiwa ya uongo, bado utapata picha, tena huenda ikawa nzuri, lakini haitakuwa picha ya seli yako. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hadubini, na kompyuta inakuja baadaye.

## Vifaa na programu

Unahitaji hadubini yenye kondensa ambayo diaframu yake inafunguka na kufungwa, kamera ya rangi moja (nyeusi na nyeupe), na mota au pizo (kifaa kinachosogea kwa umeme bila gia) ya kusogeza fokasi kwa hatua ndogo zinazorudiwa bila kukosea. Kamera ya rangi haifai: vichujio vilivyo juu ya pikseli zake vinapunguza taarifa kwa kila wimbi. Mwanga uwe wa rangi moja. LED ya kijani yenye kichujio cha karibu nm 532 inatosha vizuri, na upana wa kichujio wa nm 10 hadi 40 hauna tatizo. Epuka leza, kwa sababu itaijaza picha madoadoa.

Lenzi inayoitazama sampuli, ambayo hapa tutaiita lenzi ya sampuli, iwe ya kawaida. Zile zenye alama ya Ph zina pete ndani yake inayopunguza mwanga na kubadili fezi, na hesabu zetu hazijui kama pete hiyo ipo. Kama hadubini ina prizimu za DIC (njia nyingine ya kuigeuza fezi kuwa mwanga na giza), zitoe zote.

Mfano tutakaoufuata mpaka mwisho ni huu: lenzi ya 20x isiyotumia mafuta wala maji (kati yake na kioo cha sampuli kuna hewa tu), NA 0.75; kamera yenye pikseli za µm 3.45 na ukubwa wa 2448 kwa 2048. Mwanga wa nm 532. Ukiwa na vifaa vingine, badilisha namba, hesabu zitabaki zilezile.

Upande wa programu, Micro-Manager inaendesha kamera na mota. Fiji na napari ni za kutazamia picha. waveorder, iliyotengenezwa Chan Zuckerberg Biohub huko San Francisco, ndiyo inayokokotoa fezi. Iohub, ambayo huja pamoja na waveorder, inabadili mafaili ya Micro-Manager kuwa OME-Zarr, umbizo la kuhifadhi picha kubwa za hadubini. Fungua mazingira mapya ya Python, usichanganye na kazi nyingine:

```
conda create -n fezi python=3.12
conda activate fezi
pip install waveorder
pip install "napari[all]"
pip install tifffile
pip freeze > mazingira.txt
```

Amri ya mwisho inaandika matoleo yote uliyosakinisha. Itunze pamoja na data. Majina ya vipengele katika programu hizi hubadilika toleo hadi toleo, na mwakani utahitaji kujua ulitumia lipi.

## Kondensa

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Anza na mpangilio wa Köhler, yaani kupanga taa na kondensa ili mwanga uenee sawasawa, ufanyike kila siku ya kazi na kila unapobadili lenzi:

1. Weka fokasi kwenye seli.
2. Funga diaframu ya taa mpaka uone kingo zake ndani ya picha.
3. Pandisha au shusha kondensa mpaka kingo hizo ziwe kali.
4. Zungusha skrubu mbili za kondensa mpaka duara la mwanga likae katikati.
5. Fungua diaframu ya taa mpaka kingo zitoke tu nje ya picha, usizidishe.

Sasa njoo kwenye diaframu ya kondensa, ambayo ni nyingine kabisa. Hii ndiyo inayoamua NA ya mwanga. Ukiifungua mpaka NA ya mwanga ilingane na ya lenzi ya sampuli, fezi inafutika: sehemu za mwanga zinazobeba habari za fezi kutoka pande zinazokabiliana zinafutana, na hakuna programu inayoweza kurudisha kilichokwisha kufutika. Ukiifunga sana, kila chembe ya vumbi inazaa pete zake, na undani wa picha unapungua. Kati ya nusu na theluthi mbili ya NA ya lenzi ndipo pazuri. Kwa mfano wetu tunachukua 0.4.

Usisome namba iliyochorwa kwenye pete ya kondensa na kuiamini. Pima. Toa kijicho kimoja cha hadubini, au ingiza lenzi ya Bertrand kama unayo, utazame chini ya mrija. Utaona duara la mwanga ndani ya duara kubwa zaidi. Lile kubwa ni mwisho wa lenzi ya sampuli, yaani NA 0.75. Lile dogo ni diaframu ya kondensa. Gawanya kipenyo cha dogo kwa cha kubwa, kisha zidisha kwa 0.75. Dogo likiwa asilimia 53 ya kubwa, NA ya mwanga ni 0.4. Weka alama ya kalamu kwenye pete ya kondensa ili kesho urudi mahali palepale.

Ukiwa bado unatazama hapo, hakikisha duara dogo limekaa katikati ya kubwa. Likiegemea upande mmoja, mwanga unaingia kimshazari, na picha ya mwisho itakuwa na upande mmoja wa kila seli mweupe na mwingine mweusi, kana kwamba jua linazipiga kutoka pembeni. Kuna kipimo rahisi cha kuhakiki: tafuta chembe ndogo, sogeza fokasi µm 10 juu na µm 10 chini. Pete zinapaswa kufunguka sawasawa kila upande bila katikati yake kuhama. Ikihama µm 1 katika safari hiyo ya µm 20, mwanga umeinama kwa takriban 0.05. Rekebisha kabla ya kuendelea.

Jambo linalosahaulika ni uso wa maji. Katika visahani vyenye vishimo vidogo, maji hujikunja kwenye kuta na kufanya kazi kama lenzi isiyotakiwa, kwa hiyo mpangilio mzuri uliofanya katikati ya kishimo hauko tena ukikaribia ukuta. Jaza kishimo hadi juu na ukifunike kwa kioo kisichoacha hewa, au piga picha katikati tu. Chini ya sahani kuwe na kioo cha mm 0.17, kinachouzwa kwa jina la namba 1.5.

## Pikseli na hatua ya z

Upana wa pikseli kwenye sampuli ni pikseli ya kamera gawanya kwa ukuzaji: 3.45 ÷ 20 = µm 0.1725. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Ukuzaji ulioandikwa kwenye lenzi ni wa kweli pale tu lenzi inapofungwa kwenye hadubini ya kampuni yake. Nikon na Leica hutumia lenzi ya mrija ya mm 200, Olympus mm 180, Zeiss mm 165. Lenzi ya Nikon ya 20x ikifungwa kwenye Olympus inakuza mara 18. Kwa hiyo piga picha ya rula ya hadubini na uhesabu: µm 400 zinapaswa kuchukua pikseli 2319. Ukipata 2300, pikseli yako ni µm 0.1739, na hiyo ndiyo utakayoandika.

Je, pikseli hiyo ni ndogo ya kutosha? Undani mdogo kabisa unaopita ni urefu wa wimbi gawanya kwa jumla ya NA mbili: 0.532 ÷ (0.75 + 0.4) = µm 0.463. Pikseli isizidi nusu yake, yaani µm 0.231. Tuko salama. Lakini kamera ya pikseli za µm 6.5 na lenzi hiyohiyo ingetoa 0.325, ambayo ni kubwa mno, na mistari ya uongo ingeingia kwenye hesabu.

Kwenye z, ambapo λ ni urefu wa wimbi na n ni kipeo cha mpindo, hatua isizidi λ ÷ [2 × (n − √(n² − NA²))]. Kwa n = 1.337 na NA 0.75, jibu ni karibu µm 1.16 ndani ya maji. Zingatia maneno hayo, *ndani ya maji*. Lenzi isiyotumia mafuta inapopanda µm 1, fokasi ndani ya maji inapanda zaidi: kwa makadirio ya kwanza ni mara 1.337. Mota ikipiga hatua ya µm 0.75, fokasi inasogea takriban µm 1.0. Tutatumia hiyo. Kwa lenzi ya maji, hatua ya mota na ya fokasi ni sawa, na suala hili halipo.

## Kupiga rundo la picha

Washa LED nusu saa kabla ili itulie. Weka muda wa kamera ili sehemu tupu ya picha ifike asilimia 60 hadi 70 ya kiwango cha juu. Kwa kamera ya biti 12, ambayo mwisho wake ni 4095, lenga kati ya 2500 na 2900. Pikseli iliyofika 4095 imepoteza taarifa.

Chengachenga, yaani kupandapanda na kushukashuka kwa mwangaza bila mpangilio, ndizo adui wa njia hii, kwa sababu mabadiliko tunayotafuta ni asilimia chache tu za mwangaza. Kamera ya aina hii hubeba takriban elektroni 10,000 kwa pikseli. Ukiijaza hadi 7000, chengachenga za asili za mwanga ni mzizi wa 7000, karibu 84, yaani asilimia 1.2. Ukichukua wastani wa picha 4 katika kila fokasi zinashuka hadi 0.6, na kwa picha 16 hadi 0.3. Kwa seli bapa zilizotandaa, wastani wa 4 unatosha kwa kawaida.

Katika Micro-Manager fungua "Multi-D Acq.", wezesha z, chagua vipimo vya kulinganishwa na fokasi ya sasa, kisha andika mwanzo −11.25, mwisho 11.25, hatua 0.75. Utapata rundo la picha 31, zinazofunika karibu µm 30 ndani ya maji. Anza na seli zikiwa kwenye fokasi katikati. Seli nyingi zilizotandaa zina unene wa µm 4 hadi 10, na nafasi ya ziada juu na chini ndiyo inayoiruhusu hesabu ijue mahali seli inapoishia.

Mota, tofauti na pizo, huwa na mchezo kwenye gia. Ishushe kwanza chini ya mahali pa kuanzia, kisha ipande kuelekea mwanzo, ili kila rundo lipigwe ikipanda. Subiri milisekunde 50 hadi 100 baada ya kila hatua kabla ya kufungua kamera, maana maji hutikisika pamoja na jukwaa.

Piga pia picha ya usuli. Njia safi ni sehemu tupu ya sahani hiyohiyo, picha 50 zikichukuliwa wastani. Kama hakuna sehemu tupu, piga sehemu 20 au zaidi zenye seli chache na uchukue mediani ya kila pikseli: seli hazikai mahali pamoja, vumbi la kwenye kamera linakaa.

Nafasi ya diski ihesabiwe mapema. Picha moja ya biti 16 ni MB 10, rundo ni MB 311, sehemu 24 ni GB 7.5, na zikirudiwa mara 100 unakaribia GB 750.

## Njia fupi: msimbo wa mistari michache

Kabla ya kuingia kwenye waveorder, ijaribu data yako kwa mlinganyo wa usafirishaji wa mwanga, uliochapishwa na Teague mwaka 1983. Unasema hivi kwa ufupi: jinsi mwangaza unavyobadilika fokasi inaposogea kunatokana na mkunjo wa fezi. Picha mbili, moja juu ya fokasi na moja chini, zinatosha.

```python
import numpy as np, tifffile

rundo = tifffile.imread("seli.tif").astype(float)   # z, y, x
usuli = tifffile.imread("usuli.tif").astype(float)
rundo = rundo / usuli
rundo = rundo / rundo.mean(axis=(1, 2), keepdims=True)

lam, px, dz = 0.532, 0.1725, 0.75    # mikromita
kati, m = rundo.shape[0] // 2, 2
L = 60.0                             # umbo kubwa la kubakizwa

d = (rundo[kati + m] - rundo[kati - m]) / (2 * m * dz)
p = 256
d = np.pad(d, p, mode="reflect")
fy = np.fft.fftfreq(d.shape[0], px)[:, None]
fx = np.fft.fftfreq(d.shape[1], px)[None, :]
q2 = (2 * np.pi) ** 2 * (fx ** 2 + fy ** 2)
eps = (2 * np.pi / L) ** 2
F = np.fft.fft2(2 * np.pi / lam * d)
fezi = np.fft.ifft2(F * q2 / (q2 ** 2 + eps ** 2)).real
fezi = fezi[p:-p, p:-p]
tifffile.imwrite("fezi.tif", fezi.astype("float32"))
```

Mambo manne yanahitaji maelezo. Kugawanya kila picha kwa wastani wake kunaondoa mtikisiko wa taa, kwa sababu taa ikififia kidogo kati ya picha mbili hesabu itaisoma kama fezi. Kuongeza ukingo wa pikseli 256 unaoakisi picha kama kioo kunazuia ukingo wa kushoto usivuje hadi wa kulia. Kipengele L kinazuia mawingu: mlinganyo unagawanya kwa q², na kwa maumbo mapana sana q² inakaribia sifuri, kwa hiyo chengachenga ndogo hugeuka wingu kubwa. Mwisho, kwa lenzi isiyotumia mafuta, dz hapa ni hatua ya mota yenyewe na urefu wa wimbi ni wa hewani, kwa kuwa kuzidisha kwa n na kugawanya kwa n kunafutana. Kwa lenzi ya maji, zidisha `2 * np.pi / lam` kwa 1.337.

Seli zikitoka nyeusi badala ya nyeupe, mota yako inahesabu z kinyume. Geuza alama ya `d`. Ukitaka picha tulivu zaidi ongeza m hadi 3 au 4, lakini kingo zitafifia. Msimbo huu hauzingatii upana wa mwanga wa kondensa, kwa hiyo uuchukulie kama kipimo cha haraka cha kujua kama rundo lako lina afya.

## waveorder

Badili data iwe OME-Zarr, kisha hakikisha majina na vipimo:

```
iohub convert -i folda_ya_micromanager -o data.zarr
iohub info data.zarr
```

Andika faili la `fezi.yml`:

```
input_channel_names:
- BF
time_indices: all
reconstruction_dimension: 3
phase:
  transfer_function:
    wavelength_illumination: 0.532
    yx_pixel_size: 0.1725
    z_pixel_size: 1.0
    z_padding: 5
    index_of_refraction_media: 1.337
    numerical_aperture_detection: 0.75
    numerical_aperture_illumination: 0.4
  apply_inverse:
    reconstruction_algorithm: Tikhonov
    regularization_strength: 0.001
```

Jina la chaneli (hapa BF, yaani picha za mwanga wa kawaida) liwe lilelile lililoonyeshwa na `iohub info`, herufi kwa herufi. Kumbuka kwamba `z_pixel_size` hapa ni 1.0, yaani hatua ndani ya maji, si 0.75. Namba ya z ikikosewa, seli zitavutwa au kubanwa kwa wima na pete zitabaki juu na chini yake. Vipimo vyote vya urefu viwe vya aina moja, mikromita.

Endesha:

```
waveorder reconstruct -i data.zarr/*/*/* -c fezi.yml -o fezi.zarr
```

Usianze na rundo zima. Kata kipande cha pikseli 512 kwa 512, rekebisha vipengele mpaka uridhike, ndipo uendeshe zima. Rundo la mfano wetu lina vokseli (pikseli za pande tatu) milioni 155, na kila jedwali la namba changamano linachukua zaidi ya GB 1.2 za kumbukumbu. Yako majedwali kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo RAM ya GB 16 ndiyo ya kuanzia.

Kipengele cha kuchezea ni `regularization_strength`. Kinaamua hesabu iamini data kiasi gani pale mwanga ulipopita kwa unyonge. Panda na ushuke mara kumi kwa mara: 0.01, 0.001, 0.0001. Kikiwa kidogo mno, picha inajaa minyoominyoo na mistari. Kikiwa kikubwa mno, viungo vidogo ndani ya seli vinayeyuka na kila kitu kinakuwa laini. Chagua thamani kwenye sehemu tupu ya picha kwanza, pale ambapo unajua jibu sahihi ni usawa, kisha uiache hiyohiyo kwa jaribio zima. Kuibadilisha kati ya sampuli ya dawa na sampuli ya kulinganishia ni kuharibu ulinganifu.

Chaguo la 2 katika `reconstruction_dimension` linatoa picha moja bapa kutoka kwenye rundo zima. Linafaa kwa seli nyembamba na kazi za kuhesabu seli, tena ni jepesi kwa kompyuta, na picha 11 kwenye z zinaweza kutosha.

## Shanga kabla ya seli

Kabla ya kuamini chochote, piga kitu ambacho fezi yake inajulikana. Shanga za polistirini zina kipeo cha karibu 1.60 kwa mwanga wa kijani. Watu wengi huziweka majini na kushangaa matokeo. Shanga ya µm 1 majini inachelewesha mwanga kwa 0.265 × 1 ÷ 0.532 × 2π, yaani redi 3.1 (redi ni kipimo cha pembe, na redi 2π ni wimbi zima), na hesabu zetu zimejengwa kwa vitu vinavyochelewesha kidogo, karibu redi 1 au chini yake. Kwa hiyo kausha tone la shanga kwenye kioo, weka juu yake tone la mafuta ya hadubini yenye kipeo cha 1.52, kisha funika. Tofauti sasa ni 0.08, na fezi ya katikati ni karibu redi 0.94. Badilisha n kuwa 1.52 kwenye faili la mipangilio, na kumbuka hatua ya z nayo inabadilika: 0.75 × 1.52 = µm 1.14. Hiyo bado iko ndani ya kikomo, ambacho kwa mafuta ni karibu µm 1.34.

Tafuta mambo matatu: shanga ziwe nyeupe zote, ziwe za duara bila kivuli upande mmoja, na kilele chake kiwe katika kiwango kinachotarajiwa. Kilele kitakuwa chini kidogo ya 0.94, kwa sababu shanga ni ndogo karibu na undani wa mwisho wa lenzi. Kikiwa nusu au mara mbili, NA au hatua ya z imekosewa.

## Picha ikiharibika

Mawingu mapana yanayobadilika picha hadi picha: taa haijatulia, usuli haukugawanywa, au L ni kubwa mno. Mwanga wa chumba nao hufanya hivyo, zima taa.

Kivuli upande mmoja wa kila seli: diaframu ya kondensa haiko katikati, au uko karibu na ukuta wa kishimo.

Pete zinazobaki kuzunguka kila chembe: NA ya mwanga uliyoandika si ya kweli, au hatua ya z si ya kweli. Badili moja tu kwa wakati na utazame.

Mistari ya mlalo au wima inayokatiza picha nzima: pikseli zilizojaa, uchafu mweusi ukingoni, au picha iliyokatwa katikati ya seli kubwa bila nafasi ya ziada.

Katikati ya seli kumezama, kingo ziko juu: hili ni gumu, kwa sababu si kosa lako. Fezi ya maumbo mapana hupita kwa unyonge sana katika njia hii, na seli pana hupoteza sehemu yake ya kati. Kupunguza NA ya mwanga kunasaidia kidogo.

Seli iliyojikunja duara inaonekana dhaifu kuliko inavyopaswa. Seli bapa ya µm 4 yenye tofauti ya 0.03 ina fezi ya redi 1.4, ambayo tayari iko juu ya mpaka kidogo. Seli inayogawanyika, yenye µm 15, inafika redi 5.3, na hapo hesabu haiwezi kuifuata. Umbo lake utaliona, lakini usilipe thamani ya namba.

## Kutoka picha hadi kipimo

Kugawanya seli moja moja, Cellpose, programu nyingine huria, inafanya kazi vizuri kwenye picha za fezi. Ipe kipenyo cha seli kwa pikseli na, kama seli zako zina umbo lisilo la kawaida, ifundishe upya kwa picha chache ulizozichora mwenyewe. VisCy, kutoka Biohub hiyohiyo, inakwenda mbali zaidi: inabashiri kiini na utando kutoka kwenye fezi. Ubashiri huo utumie kutafutia seli na kuzihesabu. Usiutumie kama ushahidi kwamba protini fulani ipo mahali fulani, kwa sababu hakuna protini iliyopigwa picha.

Fezi pia inaweza kukupa uzito mkavu wa seli, yaani kila kitu kisicho maji. Msingi wake ni kwamba protini na vitu vingine vya seli hupandisha kipeo cha mpindo kwa kiwango kinachokaribiana, takriban µm³ 0.2 kwa pikogramu. Redi 1 kwa mwanga wa nm 532 ni ucheleweshaji wa µm 0.0847, sawa na pikogramu 0.42 kwa kila mikromita ya mraba. Jumlisha eneo lote la seli. Lakini kwa sababu maumbo mapana yanapotea, jumla itakuwa chini ya ukweli, na itapungua zaidi kadiri seli inavyokuwa pana. Kwa hiyo linganisha seli za ukubwa unaofanana, zilizopigwa kwa mipangilio ileile, na utoe ripoti ya tofauti kati yake badala ya uzito kamili.

Hifadhi rundo ghafi, picha ya usuli, `fezi.yml`, `mazingira.txt` na picha ya duara la kondensa uliyoipima siku hiyo, vyote kwenye folda moja. Picha ya fezi yenyewe unaweza kuifuta ukikosa nafasi, kwa kuwa itakokotolewa tena. Rundo ghafi halirudi.